Mtambo wa akiba bila daftari hautoshi

MEI 12, 2024 nyaya mbili za intaneti zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Somo lilikuwa wazi: mawasiliano yasitegemee njia moja wala mtambo mmoja. Hata hivyo, hiyo ni nusu tu ya somo.

Mkulima wa Ngana, wilayani Kyela, hupatana bei ya mchele kwa kupiga simu ofisi ya mnunuzi Dar es Salaam. Siku hizi ofisi nyingi hupokea simu kwa mtambo wa intaneti. Mtambo ukizimika katikati ya mapatano, wa akiba huamka, lakini maongezi yamekwisha kukatika. Akipiga tena, huenda mnunuzi ameshapata mzigo kwingine.

Kinachokosekana ni kumbukumbu. Mtambo wa namna hiyo hubeba mambo mawili: maelekezo, yaani nani anaongea na nani na kwa anwani zipi, na sauti yenyewe, ambayo kwa kawaida husafiri katika vipande 50 kwa sekunde. Mtambo wa akiba unaweza kuchukua anwani ya ule mkuu kwa muda mfupi sana. Lakini kama haujui simu zilizokuwa zikiendelea, vipande vya sauti vikifika huvitupa.

Ni sawa na karani wa mizani wa chama cha msingi anayeugua katikati ya ununuzi. Mwingine akiketi bila daftari, magunia yote hupimwa upya. Akikuta daftari limejazwa hadi gunia la mwisho, kazi huendelea.

Ufumbuzi unajulikana. Mtambo mkuu uupe ule wa akiba taarifa kila simu inapoanza, inapobadilika na inapokwisha. Aidha, sauti isipitie mtambo wa maelekezo pale inapowezekana, ili huo ukianguka maongezi yasife nao. Gharama itaongezeka, lakini mapatano yaliyovunjika nayo ni gharama, na aghalabu mlipaji ni mkulima.

Hivyo basi, vyama vya ushirika, benki na kampuni za mazao zisiridhike kuambiwa kwamba akiba ipo. Kabla ya kulipa, simu ipigwe, mtambo mkuu uzimwe, na isikilizwe kama maongezi yanaendelea. Muuzaji anayekwepa jaribio hilo ameshatoa jibu.