Kioo cha pikipiki si cha kujitazama

Wadau, leo siasa zikae pembeni kidogo. Nina neno na vijana wenzangu wenye pikipiki za safari, zile unazotoka nazo Mji Mkongwe asubuhi, ukala mchana Nungwi na magharibi ukawa umerudi nyumbani. Neno lenyewe ni kuhusu kioo cha mbele. Wengi wetu tukitaka kubadilisha kioo tunatafuta kile kitakachoipendezesha pikipiki. Mimi nasema hapo ndipo tunapopotea. Kioo kinachofaa ni kile ambacho macho yako yanapita juu yake, na hicho hukijui kwa kutazama picha.

Suala hili limenijia kwa sababu changu kimepasuka. Pikipiki ilivushwa kutoka Dar es Salaam ikiwa imefungwa kamba ovyo, ikateremshwa bandarini Malindi na ufa kutoka juu hadi chini. Nikaanza kuuliza bei na ushauri. Karibu kila niliyemuuliza alinipa jibu moja: chukua kile kirefu cheusi, pikipiki itakuwa bomba! Hakuna aliyeniuliza nina kimo gani.

Haya, tuanze na kazi ya kioo chenyewe. Nguvu ya upepo haipandi sawasawa na mwendo. Ukitoka kilomita 40 kwa saa ukafika 80, upepo unaokusukuma kifuani hauwi mara mbili, unakuwa mara nne. Ndiyo maana ukizunguka Michenzani na Darajani huhitaji kioo, lakini ukishaipita Tunguu kuelekea Paje mabega yanaanza kukuuma. Kioo kinakupunguzia mzigo huo. Tatizo ni kwamba upepo hauishii pale. Unapanda, unaruka ukingo wa juu, kisha unatua mahali fulani nyuma yake. Ukitua kwenye helmeti, kichwa kinatikisika na masikio yanavuma njia nzima. Kwa hiyo kioo kibaya kinaweza kukuchosha kuliko kutokuwa na kioo kabisa. Na mahali unapotua panategemea kimo chako, kiti chako na jinsi unavyokaa. Kioo anachokisifu rafiki yako mwenye futi sita kinaweza kuwa adhabu kwako.

Sasa upimeje? Kaa juu ya pikipiki kama unavyokaa safarini, helmeti kichwani, mtu akushikie pikipiki isimame wima. Kata kipande cha boksi, kisimamishe mahali pa kioo kwa mlalo ule ule, halafu tazama barabara mbele yako. Punguza boksi mpaka uone lami bila kuinua shingo. Ukingo wa juu uwe usawa wa pua au mdomo, usifike machoni. Ukishapata kipimo hicho, nenda nacho dukani. Boksi ni bure, jamani.

Kwa nini naling'ang'ania jambo hili? Kwa sababu kioo cha gari kina waipa, cha pikipiki hakina. Fikiria masika, mwezi wa Aprili, saa mbili usiku, unarudi kutoka Makunduchi. Mvua imekishika kioo, nacho kina mikwaruzo ya mchanga. Daladala inakuja mbele na taa zake kali. Mwanga ule ukigonga matone na mikwaruzo unasambaa kioo kizima, na kwa sekunde chache unaona weupe mtupu. Ndani ya weupe ule pengine yumo mzee na baiskeli isiyo na taa, au gari la ng'ombe linarudi shamba. Kama macho yako yako juu ya ukingo, unafuta kioo cha helmeti kwa kidole cha glavu na unaendelea kuona. Kama umejificha nyuma ya kioo kirefu, na tena umekipaka rangi nyeusi, unaendesha kwa kukisia. Hapo si suala la bomba tena. Ni suala la mtu kufika kwake.

Kuna na upepo wa ubavuni. Barabara ya pwani ya mashariki, kutoka Bwejuu kupita Paje na Jambiani, inaandamana na bahari. Kaskazi inatoka baharini, kusi inatoka baharini, zote zinakupiga ubavu. Wageni wanaifuata Paje kwa ajili ya upepo huo huo, waruke na tiara zao majini. Kioo kikubwa kilichofungwa kwenye usukani kinaushika upepo na kuupeleka moja kwa moja kwenye gurudumu la mbele. Nahodha wa jahazi upepo ukizidi hutua tanga. Wewe tanga lako umelifunga kwa boliti, utalituaje?

Najua nitaambiwa: mbona wazee wetu wa Vespa wana vioo virefu miaka yote na hawajalalamika? Ni kweli, na nawaheshimu. Lakini mzee wa Vespa anatoka nyumbani kwenda msikitini na sokoni, mwendo wa taratibu, anailinda kofia yake na kanzu yake. Kwa kazi ile kioo kirefu kinafaa. Wewe unayekwenda kilomita 60 kwa mwendo mkali una kazi nyingine.

Tukija kwenye mali yenyewe, tunasema kioo kwa mazoea tu, ni plastiki. Ziko aina mbili kubwa. Akriliki ni ngumu usoni, haikwaruziki upesi, lakini ikipigwa na jiwe inaweza kupasuka vipande. Polikaboneti inavumilia sana kupigwa, lakini inakwaruzika haraka isipowekwa tabaka la kuilinda, na adui yake mkubwa ni petroli. Mafundi wetu husafisha kila kitu kwa tambara lenye petroli. Ukifanya hivyo kwenye polikaboneti inaanza kutoa nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui. Muulize muuzaji ni aina gani. Akisema "ni kioo tu, kaka," rudisha pesa mfukoni. Na fundi akijitolea kukukatia kioo cha dirisha, kimbia!

Kwa barabara zetu mimi nachagua polikaboneti yenye tabaka, isiyo na rangi, fupi. Ifungwe kwa washa za mpira, boliti zisikazwe mpaka mwisho, maana kinachopasua vioo vingi ni kukaza kupita kiasi. Usafi wake ni maji mengi kwanza ili mchanga na chumvi viondoke, kisha sabuni laini na kitambaa laini. Usikifute kikavu.

Atakayesema kioo cha namna hii ni ghali, na pengine mpaka uvuke hadi Kariakoo kukitafuta, hajakosea. Lakini kile cheusi cha bei ndogo nacho utakilipia, kidogo kidogo, kila usiku utakapokuwa huoni vizuri. Ukikosa pesa ya kizuri, vua kibovu, uendeshe bila kioo kwa mwendo wa wastani na helmeti nzuri. Joto la Unguja mnalijua, upepo kidogo kifuani haujamdhuru mtu.

Kioo cha kujitazama kiko nyumbani ukutani. Cha barabarani tukichague kwa macho yaliyo nyuma yake, na kwa wale walio mbele yake. Nawakilisha.