Mlango wa Hospitali Si Mwisho wa Safari

Usiku wa manane, mtu aliyewahi kuvaa sare za jeshi anafikishwa katika idara ya dharura ya hospitali fulani huko Marekani. Amejaribu kujitoa uhai, au amezidisha dawa kali za kutuliza maumivu. Pengine yeye mwenyewe hawezi kusema kama alikusudia au la. Waganga wanahangaika naye hadi alfajiri, naye anaokoka. Kisha anapewa nguo zake, karatasi yenye tarehe ya kurudi kliniki, na ruhusa ya kwenda nyumbani. Wote wanashukuru kwamba hatari imepita. Sivyo. Siku na majuma yanayofuata ndiyo yenye hatari kubwa kuliko yote.

Tuitazame hali yenyewe. Taarifa ya wizara ya Marekani inayowahudumia wanajeshi wastaafu yaonyesha kwamba mwaka 2022 wastaafu 6,407 walijiua, yaani wastani wa zaidi ya 17 kila siku. Zaidi ya vifo saba katika kila kumi vilitokana na silaha za moto. Nao utafiti wa jimbo la California, uliochapishwa mwaka 2019 na usiohusu wanajeshi peke yao, ulionyesha kwamba watu waliotibiwa katika idara za dharura baada ya kujidhuru walijiua, ndani ya mwaka mmoja, kwa kiwango kilichozidi mara 50 kile cha wakazi wengine. Hata vifo vya kuzidisha dawa bila kukusudia vilikuwa vingi mno miongoni mwao. Hatari hizi mbili hutembea pamoja.

Si vigumu kuelewa sababu. Jeshini mtu alikuwa na wenzake, kazi na heshima. Amerudi nyumbani na maumivu ya mwili, ndoto za kutisha na usiku usio na usingizi. Tena amefunzwa kwamba kulalamika ni udhaifu. Wengine walipewa dawa za jamii ya afyuni kwa ajili ya majeraha, zikawashika. Aliyekaa siku kadhaa bila dawa hizo, mwili wake hauzistahimili tena kama zamani. Kipimo alichokizoea chaweza kumwua.

Wapo watakaosema: amepewa tarehe ya kurudi, asipokwenda, shauri yake. Neno hilo tunalikataa, maana ni kumwambia aliyevunjika mguu akimbilie dawa. Aliyechoka kuishi hana nguvu ya kutafuta msaada. Ni msaada unaopaswa kumtafuta yeye.

Na jambo hili limejaribiwa likafaa. Daktari Jerome Motto, aliyekuwa askari katika Vita Kuu ya Pili, aliwachukua wagonjwa 843 wa San Francisco waliokuwa wamelazwa kisha wakakataa kuendelea na matibabu. Karibu nusu yao walipelekewa barua fupi kwa miaka mitano. Hazikudai kitu, ziliwajulia hali tu. Katika miaka miwili ya kwanza, waliopata barua walijiua kwa uchache kuliko wasiopata. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2001. Mwaka 2018 ukatolewa utafiti wa watu 1,640 waliofika katika idara za dharura za hospitali za wastaafu. Wengine kati yao walisaidiwa kuandika mpango wa usalama: dalili zangu za hatari ni zipi, nimwite nani, silaha iwekwe mbali nami namna gani. Kisha wakapigiwa simu hadi walipoanza matibabu. Katika miezi sita, vitendo vya kutaka kujiua vilipungua karibu nusu vikilinganishwa na vya wale waliopata huduma ya kawaida.

Serikali ya Marekani nayo imetenda. Tangu Januari 2023 mwanajeshi mstaafu aliye katika hatari ya kujiua aweza kutibiwa bure katika hospitali yoyote, hata isiyo ya wizara hiyo. Hiyo ni haki, wala si sadaka: taifa lililowatuma vijana vitani lina deni kwao. Lakini sheria haiwezi kubisha hodi mlangoni siku ya tatu. Jirani aweza.

Hapo, ndugu wapendwa, neno hili latugusa sisi. Uganda na Burundi zilianza kupeleka askari Somalia mwaka 2007, na Kenya mwaka 2011; waliorudi wamo katika jumuiya zetu. Nchini Kenya kujaribu kujiua kulihesabiwa kuwa kosa la jinai, hadi Mahakama Kuu ilipotamka Januari 2025 kwamba kifungu hicho cha 226 kinapingana na Katiba. Sheria ya namna hiyo huifundisha familia kuficha badala ya kuita msaada. Sisi nasi tumeificha aibu hiyo kwa minong'ono, ingawa Katekisimu ya mwaka 1992 yafundisha kwamba maradhi mazito ya nafsi hupunguza wajibu wa mtu, na kwamba tusikatie tamaa wokovu wa aliyejiua.

Basi viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wapange haya. Anapotoka mtu hospitalini, atembelewe ndani ya siku tatu, kisha kila juma. Asiulizwe kwa kumhukumu. Aulizwe waziwazi kama anafikiri kujiua, maana swali hilo halimpandikizii wazo, bali humfungulia kinywa. Dawa, sumu za shambani na silaha viwekwe mbali naye kwa ridhaa yake. Asindikizwe kliniki siku yake ikifika. Na hatari ikizidi, asiachwe peke yake. Arudishwe hospitalini mara moja.

Tumezoea kumsindikiza jirani hadi kaburini kwa umati mkubwa. Tujifunze kumsindikiza akiwa hai, tangu mlango wa hospitali hadi mlango wa nyumba yake.