Abiria Hana Kaunti
Mkazi wa Kitengela anayefanya kazi Westlands huamka Kajiado, hupita Machakos, kisha huingia Nairobi. Akifika katikati ya jiji hushuka, hutembea hadi stejini nyingine na kulipa nauli upya, nayo hupanda mvua ikinyesha. Mwaka 2017 iliundwa NaMATA, mamlaka ya usafiri ya eneo la Nairobi na viunga vyake, ili kaunti hizo tatu, pamoja na Kiambu na Murang'a, zipange usafiri kwa pamoja. Hadi leo hakuna tiketi moja ya kumpandisha mtu treni ya Syokimau na matatu inayomfikisha kazini. Kupanua barabara pekee hakutoshi. Magavana watano, ipeni NaMATA nguvu halisi, muanze na tiketi hiyo: wanaoteseka ni wapigakura wenu.