Julai ya Njombe na Makambako: Ijue Baridi Kabla Haijakujua

Kila ufikapo mwezi wa Julai ziko nyumba za Dar es Salaam, Tanga na Lindi ambamo sanduku hufungwa kwa safari ya Njombe. Pengine ni kijana aliyechaguliwa kuingia kidato cha tano katika shule ya bweni. Pengine ni mtumishi aliyehamishwa pamoja na mkewe na mtoto mchanga. Pengine ni bibi anayekwenda kumwona mjukuu. Wote huambiwa neno moja tu, “Kule kuna baridi,” nao hucheka, wakatia sweta moja juu ya nguo, wakaondoka. Leo yafaa tueleze baridi hiyo ni ya namna gani, hutoka wapi, na kwa nini si jambo la mzaha katika nyumba yenye watoto.

Huenda mtu akauliza: Je, nchi yetu si nchi ya joto? Naam, lakini joto hupungua kadiri mtu apandavyo mlima. Kwa wastani, kila mita 1,000 za kupanda huondoa nyuzi zipatazo 6 za sentigredi. Mji wa Njombe uko mita zipatazo 1,900 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo mgeni wa pwani hupoteza nyuzi 11 au 12 kabla hajashusha mzigo wake. Katika Julai mchana wa Dar es Salaam hufikia nyuzi 28 au 29, na usiku hushuka karibu na 19. Toa hesabu hiyo, nawe utapata Njombe: mchana wa nyuzi 17 au 18, na usiku wa nyuzi 7. Ziko pia siku ambazo usiku huzidi hapo kwa ukali.

Tena Julai ni mwezi ambao jua limeelekea kaskazini mwa dunia, na pepo za kusi huvuma kutoka baharini. Pepo hizo zipandapo ukingo wa nyanda za juu hupoa na kuzaa ukungu na manyunyu, hasa upande wa Lupembe kwenye mashamba ya chai. Mvua kubwa hazitazamiwi mwezi huo, kwani huko msimu wake huanza Novemba na kwisha Aprili au Mei. Basi mwavuli si lazima sana, ila koti la kuzuia upepo ni lazima.

Makambako, umbali wa kilomita zipatazo 60 kutoka Njombe, uko chini kidogo, lakini asidanganyike mtu kwa hilo. Mji huo wa njia panda, ambapo barabara kuu ya Zambia huachana na ile ya Njombe na Songea, umekaa mahali palipo wazi, na upepo wake ni mashuhuri hata wenye mitaji wamefika kuupima kwa nia ya kuzalisha umeme. Waliojenga reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, walitoboa mahandaki na kuvusha madaraja mengi ili kuitoa njia Mlimba bondeni na kuifikisha Makambako juu. Abiria apandaye njia hiyo hulala katika joto na kuamka katika baridi. Sweta na liwe mkononi, si chini ya mizigo.

Usiku usio na mawingu ndio mkali kupita wote, kwa sababu joto la ardhi hupaa bila kizuizi, na hewa nzito ya baridi huteremka mabondeni. Hapo ndipo sakitu, yaani umande ulioganda, huonekana alfajiri ikiwa nyeupe juu ya majani. Wenyeji wanaolima vinyungu mabondeni wanaijua vema, maana huweza kuunguza majani ya viazi kwa usiku mmoja.

Sasa tuje nyumbani. Nguo tatu nyepesi zilizovaliwa moja juu ya nyingine hushinda koti moja zito, kwa kuwa hewa iliyokaa katikati yake ndiyo ihifadhiyo joto. Kijana wa bweni apewe blanketi mbili, soksi za kutosha, kofia ya sufu, na mafuta ya mgando ya midomo na ngozi. Mtoto mchanga asioshwe mpaka saa 24 zipite tangu kuzaliwa. Na akaushwe, alazwe kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, kisha wafunikwe pamoja. Mtoto akikohoa, mhesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, 50 kwa aliye chini ya mwaka, au 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, au kifua kinachobonyea ndani avutapo pumzi, ni dalili ya nimonia. Usingoje kupambazuke, mpeleke hospitali.

Neno la mwisho ndilo zito kuliko yote. Baridi yenyewe huua wachache. Jiko la mkaa lililoingizwa chumbani huweza kuua nyumba nzima. Wengi hulichochea nje, wakangoja moshi uishe, wakalileta ndani na kufunga madirisha, wakidhani hatari imekwisha. Kumbe moshi ndio uliokwisha, sumu imebaki. Mkaa mwekundu hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu kupita hewa safi zaidi ya mara 200. Kichwa huuma, kizunguzungu huja, kisha usingizi. Na alalaye hana wa kumwamsha, kwa maana wote wamelala.

Otea moto jikoni penye mlango wazi, kisha uuache huko. Chumbani peleka blanketi, chai ya moto kabla ya kulala, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Mwandikie hayo kijana wako, na umwambie mgeni wako kabla hajapanda basi. Asubuhi jua la Njombe litatoka, na mwenyeji atamwamkia “Kamwene”; kilicho muhimu ni awepo wa kuitikia.