Kila Mmoja Amngoja Mwenziwe

Ndugu msomaji, huenda bado unakumbuka yaliyotokea jijini Mbeya mwishoni mwa mwezi Septemba 2016. Katika ofisi ya walimu ya Shule ya Sekondari ya Kutwa Mbeya, mwanafunzi wa kidato cha tatu alipigwa vibaya na vijana kadhaa waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Vijana hao walikuwa wanafunzi wa vyuo vya elimu ya juu. Siku chache baadaye picha za video za kipigo hicho zilienea nchi nzima, Serikali ikaingilia kati, na waliohusika wakafukuzwa vyuoni.

Wakati ule tulizungumza sana juu ya waliopiga. Leo napenda tuzungumze juu ya wale wanaotazama. Video haijichukui yenyewe. Palikuwa na mtu aliyeshika simu. Ni kweli kwamba picha hizo ndizo zilizofichua uovu ule. Lakini mtoto anapopigwa, msaada anaouhitaji kwanza ni sauti moja ya kusema, "Jamani, basi!"

Kwa nini kijana msomi hunyamaza mbele ya jambo ambalo moyo wake unalikataa? Wazee watasema kwamba vijana wa siku hizi wamepoteza utu. Jibu hilo ni jepesi mno.

Mwaka 1968 wataalamu wawili wa Marekani, John Darley na Bibb Latané, walitangaza matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi wa chuo kikuu mjini New York. Kila mwanafunzi aliketi peke yake chumbani, akazungumza na wenzake kwa kipaza sauti. Ghafla mmoja wao akasikika kana kwamba ameshikwa na kifafa. Kati ya walioamini kuwa ni wao peke yao waliosikia, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla sauti ile haijakatika. Kati ya walioamini kuwa wengine wanne walikuwa wakisikia pia, waliotoka walikuwa asilimia 31 tu. Wala wale waliobaki vitini hawakuwa watu wasio na huruma. Wengi wao walikutwa wakitetemeka mikono. Walijua kwamba wapo wengine, na kila mmoja akamngoja mwenziwe.

Sasa tuchukue mfano wa nyumba moja ya kupanga mjini Iringa, yenye wanafunzi kumi. Ni usiku wa mwezi Juni, baridi ni kali, kila mtu amejifunika blanketi. Msichana wa chumba cha mwisho anapiga yowe. Kila mmoja anatega sikio, na kwa kuwa hasikii mlango ukifunguliwa, anajiambia, "Lingekuwa jambo kubwa, wenzangu wangetoka." Wenzake nao wanamsikiliza yeye. Hivyo ukimya wa wote unageuka kuwa ushahidi kwamba hakuna jambo. Wengine watasema ni ugomvi wa wapenzi, na mambo ya wawili hayaingiliwi. Asubuhi ndipo wanaulizana.

Kijijini yowe lina wenyewe. Jirani anajua kwamba asipotoka ataulizwa kesho, na balozi wa nyumba kumi anajulikana kwa jina. Katika nyumba ya wanafunzi waliokutana muhula huu, nani atamwuliza nani?

Nami siandiki haya kama mtu aliye nje ya kosa. Nilipokuwa nikisomea stashahada, mwenzetu mmoja alituhumiwa kuiba simu, akaanza kupigwa uwanjani. Tulikuwa zaidi ya thelathini tukitazama kutoka barazani. Nilikuwa namfahamu kijana yule. Tulikuwa tukikopeshana vitabu. Sikushuka. Aliyeshuka alikuwa mama aliyetuuzia chakula, akiwa bado na mwiko mkononi. Hakupigana na mtu. Alinyoosha mwiko akasema, "Wewe mwenye shati jekundu, kamwite mlinzi. Ninyi wawili, mwinueni huyu." Watu wale wale waliokuwa wamesimama kama miti wakatii mara moja. Kijana yule hakurudi muhula uliofuata, na mimi sikupata kumwomba radhi.

Mama yule hakusoma matokeo ya New York, lakini alijua dawa yake. Aliliondoa jukumu mikononi mwa "watu", akampa mtu mmoja, kisha mwingine. Maneno "jamani, saidieni" hupotea hewani kwa sababu hayana wa kuyapokea. Maneno "wewe, piga simu polisi namba 112" yana mwenyewe.

Kwa hiyo basi, ninyi vijana mnaosoma Mkwawa, Chuo Kikuu cha Iringa, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya na vyuo vinginevyo, mwanzoni mwa muhula ketini pamoja mpatane: yowe likisikika usiku, nani atatoka kwanza, nani atamfuata, na nani atapiga simu. Si lazima kupigana na mwenye panga. Watatu wakibisha hodi kwa pamoja, mara nyingi mkono ulioinuliwa hushuka. Na ikiwa mmechelewa, nendeni mkakae na aliyeumizwa. Asiachwe aamini kwamba hakuna aliyesikia.

Nawe mzazi, unapomfungia mwanao sanduku la kwenda chuoni, usimwambie tu, "Mambo ya watu usiyaingilie." Maneno hayo tunayasema kwa mapenzi, tukitaka arudi salama. Lakini kumbuka kwamba mzazi wa mwenziwe naye amemwambia mwanawe vivyo hivyo, na vijana hao wawili wamepanga nyumba moja. Siku mwanao atakapopiga yowe, atakayemsikia ni mtoto aliyefundishwa kunyamaza.

Tukutane Jumapili ijayo.