Majini Wasemao Kiswahili

Ndugu msomaji, huenda ukashangaa kuona mtu mzima, mwenye mvi zake kidevuni, akija mbele yako na habari za michezo ya kompyuta. Wako watakaosema kuwa mambo hayo ni ya watoto, na wako watakaosema kuwa ni upuuzi unaowapitisha watu sala. Sibishani na yeyote. Lakini mwezi uliopita nilikuwa Rukanga kwa dada yangu, na huko nikaucheza tena mchezo wa kutisha niliouacha miaka mingi, na toka siku hiyo kuna jambo limenikaa kooni.

Rukanga iko chini ya mlima Kasigau. Atokaye Mombasa hushuka Maungu kabla ya kufika Voi, akashika njia ya mkono wa kushoto inayoikata nyika. Dada yangu aliolewa huko na Mtaita, mwenzetu katika dini, na mwanawe mkubwa ana umri wa miaka 15. Nilikuwa nimemwahidi kompyuta ya mkoba kwa ajili ya masomo. Niliinunua Mombasa, imetumika lakini ni ya miaka ya karibuni. Naungama kwamba kabla ya kumpelekea niliitia ndani michezo miwili, nikaitia na pedi mbili za kuchezea katika mkoba wangu. Mama yake sikumwambia.

Mchezo wa kwanza unaitwa Resident Evil, na huko kwao Ujapani uliitwa Biohazard. Ulitolewa na kampuni ya Capcom mwaka 1996, na bwana aliyeuongoza ni Shinji Mikami. Mimi niliujua mwaka 1999, katika chumba kimoja cha Majengo kilichokuwa na televisheni tatu, ambapo vijana tulilipa kwa saa na kusukumana mlangoni. Askari wachache wanakimbilia jumba kubwa msituni, kumbe jumba hilo limejaa maiti zinazotembea. Lakini asikudanganye mtu, maiti sizo zilizotutisha. Kilichotutisha ni hesabu. Risasi ni chache na dawa ni chache. Yule askari mwanamume, Chris, mfuko wake unabeba vitu 6 tu. Ukiokota ufunguo, lazima uache kitu kingine. Hata kuweka kumbukumbu ya mahali ulipofika ni mpaka uione taipureta, na uwe na utepe wa wino. Tepe zikiisha, ukifa unaanza nyuma kabisa, na saa uliyolipia imekwenda na maji.

Toleo la kompyuta la mchezo huo liliandikwa enzi za Windows 95, na mtu aliyelitia katika kompyuta ya leo alipata shida tupu: ama halifunguki, ama picha zinakatika, ama linazimika katikati ya mlango. Watu walihangaika miaka mingi kulitengeneza kwa viraka walivyopeana wenyewe kwa wenyewe. Ndipo mwaka 2024 duka la GOG, lililoanzia Poland, likairudisha sokoni ile mitatu ya mwanzo, wa kwanza mwezi Juni, wa pili Agosti, wa tatu Septemba, ikiwa imetengenezwa ifanye kazi katika mitambo ya sasa. Picha ni zile zile za kale, na milango inafunguka pole pole vile vile.

Nilidhani mpwa wangu ataucheka. Watoto wa leo wamezoea picha zinazong'aa. Wallahi hakucheka. Usiku ule ule alikuwa akihesabu risasi zake kama bakhili wa Kihindi katika sinema za zamani, na maiti moja akaikwepa badala ya kuipiga, akaniambia, "Mjomba, hii naiachia. Mbele kutakuwa na mbaya zaidi." Nikamwuliza nani kamfundisha. Akasema wao wakilinda shamba dhidi ya ndovu huwa na tochi moja, na betri ni za kuhesabiwa. Ukimmulika kila ndovu anayevunja kijiti, yule anayeingia kwenye mahindi utammulika kwa nini? Nikanyamaza. Mimi niliyejifunza khofu kwa kulipa katika chumba cha Majengo nilikuwa nimemletea mtu wa Kasigau khofu aliyokwisha kuijua, tena bila ya taipureta.

Basi usiku wa pili tukafungua ule mchezo mwingine, na hapa ndipo penye maneno yangu.

Huu ni wa tano katika mfululizo ule ule. Ulitoka mwezi Machi 2009 kwa mashine za PlayStation 3 na Xbox 360, na Septemba mwaka huo kwa kompyuta. Umenunuliwa mno. Capcom wenyewe wamehesabu zaidi ya nakala milioni 9, bila ya kutia matoleo yaliyofuata katika mashine mpya. Chris yule yule, sasa amenenepa mikono, anafika Afrika katika eneo la kubuni liitwalo Kijuju, pamoja na binti wa Kiafrika aitwaye Sheva Alomar. Wenyeji wa Kijuju wametiwa vijidudu vinavyowatawala akili, na kazi ya mchezaji ni kuwapiga risasi. Hawatembei gizani. Wanakujia mchana, juani, kwa mapanga na mashoka. Mtayarishaji wake, Jun Takeuchi, alisema kuwa sinema ya Black Hawk Down, ile ya vita vya Mogadishu vya 1993, iliwaathiri katika kazi yao. Tangazo la kwanza lilipoonyeshwa mwaka 2007 watu wakanung'unika, na mwandishi Mmarekani mweusi, N'Gai Croal wa jarida la Newsweek, akasema waziwazi kuwa picha zile zina historia mbaya nyuma yake. Mabishano yale yalikuwa juu ya yale yanayoonwa kwa macho. Katika yote niliyoyasoma sikukuta aliyezungumzia yanayosikiwa kwa masikio.

Kwani wenyeji wale wa Kijuju, ndugu msomaji, wanasema Kiswahili! Na jina lao katika mchezo ni Majini.

Mwaka 2010 nilipoucheza mara ya kwanza nililijua hilo. Nilicheka, nikawaambia wenzangu, "Sikilizeni, wanasema kama sisi!" kisha nikaendelea kufyatua. Katika chumba chenye kelele za vijana ishirini sauti ilikuwa ni kelele moja zaidi. Rukanga usiku hakuna kelele. Kijana alikuwa upande wa juu wa skrini, mimi upande wa chini. (Kucheza wawili katika kompyuta moja ni jambo lililokosekana tangu mwanzo, Capcom walilitia mwaka 2023, walipoondoa na mabaki ya ule mfumo wa Microsoft uliokuwa ukiwazuia watu kuufungua mchezo.) Tumefika kwenye uwanja ambapo watu wamekusanyika, na mmoja amesimama juu na kipaza sauti akiwahutubia. Ghafla dada yangu akaita kutoka jikoni.

"Kaka! Ni nani hao wanaogombana?"

"Si watu, mama," akajibu kijana. "Ni majini."

Kimya kidogo. Kisha nikamsikia akisema audhubillahi, akaja akasimama mlangoni na mwiko mkononi. Hakutazama skrini. Aliinamisha kichwa kama mtu asikilizaye redio yenye mkwaruzo. "Majini husema Kiswahili?" akauliza. Na baada ya muda, "Wanasema nini?"

Hatukuweza kumjibu. Mwanawe alikuwa amekwisha kuwaua watu kama thelathini, na mimi zaidi, na hakuna kati yetu aliyeweza kusema hata jumla moja aliyoisikia kwao. Chini ya skrini maneno ya Chris na Sheva yanaandikwa yote, Kiingereza kwa Kiingereza. Ya Majini hayaandikwi.

Tuyapime majina kidogo, maana yana mambo. Hadithi yenyewe inaiweka Kijuju katika Afrika Magharibi, mahali ambapo Kiswahili si lugha ya sokoni wala ya nyumbani. Ni kama mtu kutunga kisa cha Ureno na wakulima wote wakasema Kirusi. Kuna mdudu arukaye aitwaye Kipepeo, na hapo sina ugomvi. Kuna mwingine, kichwa chenye miguu, waliyemwita Bui Kichwa. Nilipomtafsiria dada yangu akacheka mpaka akaketi, kwani kwetu buibui ni vazi la mama na bibi zetu kabla ya kuwa mdudu. Na liko popo kubwa la kuogofya liitwalo Popokarimu. Watu wa Unguja na Pemba walioikesha 1995 nje ya nyumba zao kwa khofu ya Popobawa watajiuliza ukarimu wa popo huyu ni wa namna gani. Hivi ndivyo mtu afanyavyo anapofungua kamusi na kuokota maneno kama aokotaye kokoto, kwa mlio wake.

Lakini hili la majini si la kucheka. Kwetu jini si neno la kutishia watoto tu. Tunayo sura nzima katika Qur'ani Tukufu kwa jina lao, na humo wamo waliosikiliza wakaamini. Kila Mwislamu wa pwani, hata asiyejua kusoma, anajua kuwa miongoni mwa majini kuna wema na waovu, na kwamba wamekalifishwa kama sisi. Mzee wa pwani akipata habari kuwa nyumba ina jini, jambo la kwanza analouliza ni dini yake na haja yake. Anamsemesha! Yaani hata kiumbe asiyeonekana, desturi yetu humpa nafasi ya kusema anataka nini kabla ya kufukuzwa. Watungaji wa mchezo wakalichukua neno, wakaiacha desturi. Wakapata kiumbe anayesema sana na asiyeulizwa chochote.

Mume wa dada yangu aliingia wakati huo, ametoka kuswali Isha. Ni mtu wa maneno machache. Akatazama skrini kwa muda, akauliza wale watu wamefanya nini. Kijana akamweleza: wameambukizwa wote, kijiji kizima, hakuna njia ya kuwajua wazima. Mzee akasema, "Kama Kasigau ya 1915." Kisha akaenda kula.

Asiyejua na aulize. Mwaka ule, katika Vita Vikuu vya Kwanza, Wajerumani waliuvuka mpaka wakafika Kasigau, na serikali ya Kiingereza ikawashuku wenyeji kuwa wamewasaidia. Haikumshuku huyu na kumwacha yule. Waliwakusanya, wakawapeleka Malindi, watu wa mlimani penye ukungu wakatupwa katika joto la pwani, na wengi wao wakafia huko. Sisi wa pwani tunapita Malindi kila siku na hatuwataji. Nami niliyekuja Rukanga mara sita au saba kwa ajili ya maziwa na hewa nzuri nilikuwa sijapata kumwuliza shemeji yangu habari hiyo. Ilibidi Kijuju initangulie.

Sasa, wako watakaoniambia kuwa dawa ni kuufuta mchezo huo katika kompyuta na kuwakataza vijana. Nimelifikiri hilo, nami nakataa. Mchezo uliochezwa na mamilioni haufutiki kwa mimi kuufuta Rukanga. Tena ningependa uendelee kutengenezwa ufunguke katika kila kompyuta mpya itakayokuja, kama alivyofanyiwa ndugu yake wa 1996, kwa sababu uko upande wake mmoja ambao sisi tu, wasemao lugha hii, tunaweza kuucheza. Mtoto wa Osaka au wa Chicago anasikia mlio. Mtoto wa Rukanga anasikia, au angeweza kusikia, watu.

Ninachowalaumu Capcom ni kitu kidogo, na hakina gharama kubwa. Wameutengeneza mchezo huu mara kwa mara. Wameupeleka katika mashine mpya, wamezing'arisha picha, wameondoa vikwazo, wamegawa skrini. Katika kutengeneza kote huko hawajaona haja ya kuandika chini ya skrini yale wanayoyasema Majini. Wakiyaandika, yakiwa ni maneno ya maana, mchezaji wa dunia nzima atajua kuwa anayemjia na panga ana lugha. Yakiwa ni maneno yaliyovunjikavunjika, basi na ijulikane hivyo, na safari nyingine wamtafute mtu wa Mombasa au Tanga awasahihishie. Wako wengi, na wanahitaji kazi.

Lawama nyingine ni yetu wenyewe. Tunazo khofu nyingi na tumewaachia wengine wazitie sura. Kijiji kimoja kina tochi moja, ndovu wanne na mahindi ya mwaka mzima. Huo tayari ni mchezo, hata risasi hauna. Vijana wa Nairobi na Mombasa wanaojua kuandika programu wapo. Waende Kasigau wakakae usiku mmoja tu shambani.

Usiku wa mwisho nilidhani tutarudi kwenye lile jumba la 1996, maana nilikuwa nimebakisha tepe mbili za wino. Mpwa wangu hakutaka. Aliufungua ule wa tano, akaongeza sauti, akampeleka Sheva nyuma ya ukuta, akamwacha amesimama pale bila kufyatua. Majini wakawa wanamtafuta na kupiga kelele. Dada yangu aliketi kwenye mkeka karibu na kompyuta, kalamu mkononi, na daftari la hesabu la mwanawe limefunguliwa magotini.

"Rudisha hapo," alisema. "Huyo wa pili. Kasema 'njoo' au kasema 'nje'?"