Puti si dawa ya kutu

Vijana wenzangu wa Nakivale, tuambiane ukweli. Kupaka puti juu ya kutu si ufundi, ni kumwibia mteja. Puti inanyonya maji, kutu inaendelea kula bati chini kwa chini, na mvua zikishika rangi inavimba. Kwangua mpaka bati ling'ae, gonga palipobonyea painuke, ndipo upake puti nyembamba, upige msasa na praima. Urembo wa mlango ukilegea, badilisha klipu, acha gundi.

Na ninyi wa mashirika: mnatupa kopo la puti na cheti, nyundo ya kunyooshea bodi hakuna! Kazi ikibanduka, watu hawamtaji mwalimu. Wanasema, "Mafundi wakimbizi ni waongo." Leteni nyundo na muda, tujifunze bati kwanza.